Nilidhani Nimekamata Mwizi, Kumbe Nimekamata Nywila!

Mpenzi msomaji, mama yangu mzazi mpaka leo hajui kazi yangu ni kitu gani. Majirani wa pale Mbagala wakimuuliza, anajibu kwa kujidai: "Binti yangu anatengeneza kompyuta za Serikali." Matokeo yake, nikienda kumsalimia Jumapili nakuta foleni sebuleni. Huyu kaleta simu iliyoingia maji, yule kaleta subufa inayokoroma, na kuna mzee mmoja aliwahi kuniletea feni. Feni, jamani! Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia mzee wangu hii siiwezi, akaondoka akisema watoto wa siku hizi wakipata kazi Serikalini wanaringa.

Ukweli ni kwamba sitengenezi kitu. Mimi ni mkaguzi wa mifumo ya TEHAMA katika ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, yule ambaye wengi mnamfahamu kwa jina la CAG. Nilianza ngazi ya chini kabisa kwa mwenye digrii, daraja la pili. Kwa kuwa kila wiki napata vijana wanaoniuliza kwenye simu "dada, hiyo kazi ikoje, kuna mshiko?", nimeona bora nieleze mara moja, na nianze na aibu yangu mwenyewe. Jina la halmashauri silitaji, na mambo mawili matatu nimeyageuza ili asijulikane mtu. Kiapo cha kutunza siri nilikula, siyo mchezo.

FOTOKOPI MABIBO

Nilimaliza digrii ya sayansi ya kompyuta mwaka 2019, kichwani nimejaa ndoto. Nilijiona natengeneza programu ya simu inayotingisha Afrika nzima. Mwaka 2020 ukanikuta natoa fotokopi kwenye stesheneri moja ya Mabibo, nawachapia wenzangu barua za kuomba kazi kwa shilingi mia tano ukurasa. Kuna siku nilichapa wasifu wa mshkaji niliyekuwa namfundisha mahesabu chuoni. Yeye aliitwa kwenye usaili, mimi nikabaki kubadilisha wino.

Maombi yangu niliyapeleka kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, kama wanavyofanya wote. Nafasi zikitangazwa unajaza, unaambatanisha vyeti, unasubiri. Nikaitwa Dodoma. Enzi hizo treni ya umeme ya kwenda Dodoma ilikuwa bado, ilianza mwaka 2024, kwa hiyo nilipanda basi la alfajiri na chapati mbili za mama kwenye mkoba. Siku ya kwanza mtihani wa kuandika, ukumbi umejaa watu mpaka unajiuliza hivi nchi hii nani kabaki nyumbani. Tuliopita tukaingia kwenye mahojiano.

Swali moja sitalisahau. Mama mmoja mwenye miwani aliniuliza: "Mhasibu amekupa karatasi, anasema ni ripoti iliyotoka kwenye mfumo. Utajuaje kama kweli imetoka kwenye mfumo?" Nikajibu kwa kujiamini kwamba nitaangalia kama ina nembo ya Taifa. Wote wakacheka. Nikanywea. Jibu la kweli nililijua baadaye: unakaa pembeni ya mhasibu, anafungua mfumo mbele ya macho yako, anaitoa upya ukiangalia. Au unaichota data mwenyewe na kujumlisha mwenyewe. Nembo ya Taifa hata mimi kule Mabibo nilikuwa naiweka kwenye barua za watu.

Pamoja na upuuzi ule nilifaulu, ila nafasi zilijaa. Jina likawekwa kwenye kanzidata ya waliofaulu. Nikarudi kwenye fotokopi. Miezi saba baadaye simu ikaita nikiwa nimeshika karatasi za mtihani wa shule ya msingi, nikaziachia zote chini.

KAZI YENYEWE

Nilitegemea siku ya kwanza nitapelekwa kwenye chumba chenye taa za kijani zinazopepesa. Nikapewa vitabu. Katiba ya nchi, Ibara ya 143, inayomweka CAG na kazi zake. Sheria ya Ukaguzi wa Umma, Sura ya 418. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Miongozo mpaka macho yakauma. Utumishi wa umma una mwaka mzima wa majaribio kabla hujathibitishwa kazini, na miezi ya mwanzo ya mwaka huo mimi nilikuwa nasoma kama niko kidato cha nne.

Hapo ndipo nikaelewa kwa nini wakaguzi wa kawaida, wale wenye CPA zao, hawatoshi. Fedha za Serikali siku hizi hazikai kwenye leja zile kubwa za jalada gumu. Ukilipia leseni au faini unapewa namba ya malipo, ile kitu watu wanaita kontroo namba, na hela inapita kwenye mfumo mmoja wa malipo ulioanza mwaka 2017. Serikali ikilipa inalipa kupitia MUSE, yaani Mfumo wa Ulipaji Serikalini. Zabuni tangu mwaka 2023 ziko kwenye NeST. Mapato ya halmashauri yana mfumo wake, na yule kijana anayekukatia ushuru stendi ana kimashine cha POS mkononi. Sasa wewe mkaguzi ukija na kalamu nyekundu na mafaili, utakagua nini? Unatakiwa uingie ndani ya mashine uulize: nani anaruhusiwa kuingia humu? Nani akibadilisha kitu kinaonekana? Umeme ukikatika na seva ikafa, nakala iko wapi? Na lile kubwa kuliko yote: je, mtu mmoja anaweza kuanzisha malipo, kuyaidhinisha na kuyafuta bila mwingine kujua?

Hilo la mwisho halihitaji digrii. Nenda duka lolote la Mangi mtaani kwenu. Anayeuza, anayeshika hela na anayehesabu stoo wakiwa mtu mmoja, na mtu mwenyewe siyo Mangi, duka lina miezi mingapi?

Kiongozi wa timu yetu ni mama mmoja ambaye sisi vijana tunamwita Dada Mkubwa, ingawa angeweza kutuzaa. Yeye alianza kazi wakati kompyuta ofisini ni moja na inafunikwa kitambaa cha kudarizi kama redio ya baba. Ndiye aliyenisimulia kitu ambacho chuo hawakunifundisha. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Wakajaribu kuhamishia humo hesabu za Serikali, mambo yakaenda mrama, hasara ikawa kubwa, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Televisheni nazo zikaunganishwa kwenye marufuku hiyo hiyo! Nilimwuliza kama ananitania. "Sikutanii," akasema. "Mashine ilikuja, hakuna aliyejua kuiuliza maswali."

Na siyo sisi tu. Chama cha kimataifa cha wakaguzi wa aina yangu, ISACA, kilianzia Marekani mwaka 1969, na miaka minne tu baadaye, 1973, kukaibuka kashfa ya kampuni ya Equity Funding huko Los Angeles. Walikuwa na bima za maisha kibao za watu ambao hawakuwahi kuzaliwa, zote zimo ndani ya kompyuta, zimenyooka, zinapendeza. Wateja hewa. Sisi tukaja kuwa na yetu: mwaka 2016 Serikali iliwaondoa wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000 kwenye orodha ya mishahara. Mfanyakazi hewa haonekani kwa kuhesabu vichwa peke yake. Anaonekana pale unapopanga orodha na kukuta watu wawili wenye majina tofauti wanapokelea mshahara akaunti moja ya benki, au mtu aliyestaafu anaendelea kupanda daraja.

SAFARI YA KWANZA

Mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni. Taasisi zinatakiwa ziwe zimefunga na kuwasilisha hesabu ifikapo tarehe 30 Septemba. CAG naye anatakiwa kumkabidhi Rais ripoti ifikapo tarehe 31 Machi. Kwa hiyo kati ya Oktoba na Machi, mpenzi msomaji, usimwalike mkaguzi kwenye harusi. Hatakuja. Mchumba wangu wa wakati ule alifikiri nina mtu mwingine. Nilikuwa na Excel.

Oktoba 2022 tukatumwa watatu, pamoja na dereva, kwenye halmashauri moja. Mimi mifumo, wenzangu hesabu. Kikao cha kufungua ukaguzi kilikuwa cha tabasamu nyingi na maji ya chupa. Mkurugenzi akasema milango iko wazi. Afisa TEHAMA, kijana mpole sana, akanipeleka kwenye chumba cha seva. Ndani nilikuta seva, kweli, na pembeni yake kalenda za mwaka juzi, viti vitatu vilivyovunjika na ndoo ya kukinga maji ya kiyoyozi. Ndoo ilikuwa juu ya meza, chini yake kuna nyaya. Niliandika hoja yangu ya kwanza hapo hapo nikiwa nimesimama.

Nikaingia ofisi ya mapato. Nikageuza kibodi ya kwanza, nikakuta karatasi imebandikwa kwa gundi: jina la mtumiaji na nywila. Nywila ni ile wenyewe mnaita pasiwedi. Kibodi ya pili hakuna kitu. Nikafurahi. Mwenye meza akaniambia: "Mimi natumia ile ya kwanza."

Niliomba data ya miamala yote ya miaka mitatu. Hapa nikafanya kosa la kitoto. Nilifungua faili kwenye Excel, nikajumlisha, jumla yangu ikawa pungufu sana kuliko ya benki. Moyo ukaruka. Nikajiona gazetini! Nilikaa na furaha yangu usiku kucha gesti, asubuhi Dada Mkubwa akaangalia skrini sekunde tano tu. "Umefika mstari wa ngapi?" Mstari wa 1,048,576. Excel inaishia hapo, haiendi mbele hata ukiibembeleza, na data yangu ilikuwa inaendelea. Nikaikata kwa mwaka, nikaanza upya. Jumla zikalingana. Mwizi wangu wa kwanza alikuwa ujinga.

Wa pili ndiye huyu niliyemtaja kwenye kichwa cha habari.

Mkusanyaji ushuru mwenye POS anapokusanya hela, mfumo unamwandikia deni mpaka apeleke benki. Huo ndio utaratibu. Lakini kuna kitufe cha marekebisho, kwa ajili ya makosa halali, mfano mtu kakata risiti ya laki badala ya elfu kumi. Nikayachambua marekebisho peke yake, nikayapanga kwa jina la akaunti iliyoyafanya. Akaunti moja ya keshia ilikuwa imefuta madeni mara 61, yote kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku, zaidi ya shilingi milioni 18. Kisha nikachukua orodha ya likizo kutoka Utumishi nikaiweka pembeni. Marekebisho yote 61 yalifanyika wakati keshia huyo yuko likizo ya uzazi. Siku zake 84, hajakanyaga ofisini.

Niliruka kwenye kiti. Kumbe anaingia kutoka nyumbani! Anajifanya ananyonyesha, kumbe anafuta madeni ya watu na kugawana nao! Niliandika hoja ukurasa mzima, Kiswahili kimenyooka, jina lake nimeliandika kamili mara nne. Nikampelekea Dada Mkubwa nikiwa natabasamu.

Akaisoma. Akavua miwani.

"Umemwona?"

"Mfumo unaonyesha, Dada."

"Mfumo unaonyesha akaunti. Mimi nakuuliza kama umemwona mtu."

Sikuwa na jibu. Akanieleza taratibu, bila kugomba, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Hoja yenye jina ikitoka hapa inakwenda kwa Mkurugenzi, na mtumishi aliyetajwa kufuta milioni 18 anaweza kusimamishwa kazi wiki hiyo hiyo, kabla mtu yeyote hajamwuliza chochote. Kisha ikaingia kwenye ripoti, ripoti ikaenda kwenye Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, wabunge wakaisoma kwa sauti. "Halafu siku moja," akasema, "ukagundua hakuwa yeye. Utamwendea umwambie nini?"

KARATASI NAMBA SITA

Nikarudi kwenye kumbukumbu za mfumo, safari hii nikiwa na baridi tumboni. Kuna safu moja niliyoipuuza, ile inayoonyesha muamala umefanywa kutoka kompyuta ipi. Zote 61 zilitoka kwenye kompyuta moja, ya pale pale ofisi ya mapato. Ile yenye karatasi chini ya kibodi.

Tukaomba keshia aitwe. Alikuja kesho yake saa nne, amejifunga kanga, mtoto mgongoni, miguu ina vumbi la njia nzima. Alikuwa rika langu. Kabla sijauliza swali la pili alikuwa ameshaanza kutetemeka, na mtoto naye akaanza kulia kama anayeelewa. Dada Mkubwa akampokea mtoto, akawa anambembeleza akitembea kwenye veranda, akaniachia kazi.

"Dada, mimi nywila yangu niliiacha," akasema. "Niliambiwa niiache. Mkuu wangu alisema nikiondoka nayo kazi zitalala, watu watashindwa kupeleka hela."

Uliiacha kwa nani? Akataja watu watatu. Kuna ushahidi? Hapo nikategemea atasema hapana, maana mambo haya huwa ya mdomo. Akafungua mkoba, akatoa bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa hati ya makabidhiano ya ofisi, ile unayoandika unapokwenda likizo ndefu. Ameorodhesha kila kitu kwa mwandiko wa shule: funguo za droo, vitabu vya stakabadhi, mhuri, kalkuleta. Namba sita: "Nywila ya mfumo wa mapato." Chini yake sahihi yake, sahihi ya mpokeaji, tarehe.

Alikuwa anatembea na ile karatasi miezi miwili. Nilimwuliza kwa nini. Akasema hajui, alikuwa haamini tu.

Nilitoka nje nikanawa uso bombani.

Ngoja niseme ukweli wote: huyu dada naye alikuwa na kosa. Nywila haikabidhiwi kama funguo za droo. Mtu akienda likizo akaunti yake inafungwa, anayekaimu anafunguliwa ya kwake, kwa jina lake. Afisa TEHAMA angefanya hivyo kwa dakika kumi kama angeandikiwa barua, na hakuna aliyemwandikia. Kilichoniumiza ni kwamba baada ya pale sikuweza kujua kilichotokea. Watu watatu walikuwa na nywila moja, kompyuta moja, muda ule ule wa jioni. Mpaka tunaondoka sikujua ni nani aliyebonyeza. Majirani zetu Kenya nao mwaka 2015, kwenye kashfa ya fedha za NYS, waligombana sana kuhusu nani alitumia nywila ya nani kwenye mfumo wa malipo. Ukifika hapo, mwizi anakaa kwenye kikao na wewe, anakunywa maji yako ya chupa, na data haiwezi kumnyooshea kidole.

Hoja niliiandika upya, mara tatu. Jina halikuwemo. Ikasema akaunti ya mtumishi aliyeko likizo ilitumika, haikufungwa, nywila ilikabidhiwa kwa maandishi na ikapokelewa kwa sahihi, marekebisho hayakuhitaji mtu wa pili kuyaidhinisha, madeni yaliyofutwa ni kiasi hiki, vielelezo hivi hapa. Ilikuwa fupi na haina utamu wowote. Dada Mkubwa akaipitisha bila kusema neno, na kwake yeye hiyo ni pongezi.

Usiku wa kuamkia kikao cha kuhitimisha, dereva wetu akanigongea mlango. Kwenye buti la gari kuna gunia la mchele. Nani kaliweka? Hajui. Alikuwa anakula chipsi ng'ambo ya barabara, akarudi akalikuta. Mchele mzuri kweli, unanukia. Asubuhi Dada Mkubwa akalirudisha mapokezi ya halmashauri, akamwandikisha mlinzi kwenye kitabu: gunia moja, mwenyewe hajulikani. Dereva alinuna njia nzima mpaka mkoa wa pili. Na mimi, sitadanganya, nilimwelewa. Ilikuwa tarehe 22, mfukoni nina elfu saba.

Kwenye kikao mkuu wa kitengo kile akasema hoja yangu ni "jambo dogo la kiufundi". Mkurugenzi akamwuliza milioni 18 kwake yeye ni jambo dogo? Kimya. Kiyoyozi kikawa kinasikika. Sisi hatukamati watu, ieleweke. Palipo na dalili za jinai, sheria inamtaka CAG avijulishe vyombo vya uchunguzi, TAKUKURU au polisi. Zaidi ya hapo siruhusiwi kuandika.

SASA HUO MSHIKO

Mnaniuliza pesa. Haya. Mshahara ni wa Serikali, unaujua. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo wanakata asilimia 15 kabla hujauona. Ukisafiri unapata posho ya kujikimu, na ndugu zako wote watadhani hiyo ndiyo utajiri, watakupigia simu ukiwa gesti unakula ugali maharage ili ubaki na chochote. Wenzangu wa Sinza walioajiriwa kwenye makampuni ya simu wananizidi mbali. Gari sina.

Ila kazi inakupeleka. Kati ya Julai 2012 na Juni 2018 Tanzania ilikuwa kwenye Bodi ya Wakaguzi wa Umoja wa Mataifa, na kuna wakaguzi wa ofisi yetu waliokwenda kukagua hesabu za wazungu New York. Wakirudi wanasimulia mpaka leo, mengine naona ni chumvi.

Kama una nia, usisubiri tangazo ndipo uanze kujifunza. Jua kuchambua data kwa kitu kikubwa kuliko Excel, uliza mimi. Jifunze uhasibu kidogo, ujue debiti na krediti, la sivyo wenzako wa CPA watakuzungusha. Kuna cheti cha kimataifa kinaitwa CISA: mtihani wa maswali 150, saa nne, unatakiwa upate alama 450 kwenye kipimo kinachoanzia 200 mpaka 800. Ada yake ni mamia ya dola, na hata ukifaulu hupewi cheti mpaka uwe na uzoefu wa miaka mitano, ingawa elimu inaweza kupunguza baadhi ya miaka hiyo. Mimi nilianguka mara ya kwanza. Swali lililoniangusha, naamini, lilikuwa la umiliki wa akaunti za watumiaji. Cheka tu.

Mwishoni mwa mwaka 2023 nilirudi kule kufuatilia kama mapendekezo yetu yametekelezwa. Chumba cha seva kimesafishwa, ndoo haipo. Marekebisho sasa yanaidhinishwa na mtu wa pili. Ofisi ya mapato ina sura mpya mbili. Na dirishani, mahali pake pale pale, yuko keshia wangu, amenenepa, mtoto anasema ameshaanza kukimbia na kuvunja vyombo.

Nikavuta kiti pembeni yake, nikamwomba afungue mfumo niangalie. Akaweka vidole kwenye kibodi. Akasita. Akachukua kanga yake begani akaifunika mikono.

"Dada mkaguzi," akasema, "geukia ukutani kwanza."

Nikageuka.